Mzigo Ulipohama Begani

Huko Uingereza, kabla mashine hazijaingia viwanja vya ujenzi, matofali yalipanda ghorofani juu ya mabega ya vibarua, ambao kila mmoja alikuwa na kisanduku cha ubao kilichopachikwa kwenye mti mrefu, akakijaza matofali kama 12, akakiegemeza begani na kukwea nacho ngazi, mkono mmoja ukishika mti na wa pili ukitafuta kipago cha juu. Waashi walipata sifa zao, nazo walizistahiki; bali wale waliowafikishia vifaa aghalabu hawakutajwa, ilhali kila ukuta waliulipia kwa migongo yao.

Foklifti za mwanzo hazikuwafaa kitu, kwa kuwa zilizaliwa viwandani na maghalani, penye sakafu sawasawa, na magurudumu yake madogo yangalizama katika tope la kwanza. Dawa ilitoka mashambani: mafundi walitwaa trekta, wakaigeuza iende kinyumenyume, wakasimamisha mlingoti wenye meno mawili upande wa magurudumu makubwa, hata shehena ikakaa juu ya yale yenye nguvu. Kisha mwaka 1977 kampuni ya JCB, ya Rocester katika jimbo la Staffordshire, ikatoa Loadall, yenye mkono wa kurefuka badala ya mlingoti, ikawa paleti nzima yafika mbele ya mwashi.

Walakini neema hiyo ilikuja na hatari zake. Mashine inayokata kona kwa magurudumu ya nyuma hufagia kwa mkia upande asioutazama dereva. Na mkono unaporefuka, uzito husogea mbele ya ekseli, hata mzigo uliobebeka salama karibu na mashine huweza kuipindua ukiwa mbali. Ardhi ikiinama ubavuni na mkono uko juu, hadhari huwa haina budi kuzidi, na dereva anayeruka nje mashine ikipinduka huenda akaangukiwa nayo, ambapo mkanda ungalimhifadhi.

Sheria ilichelewa mno kuyatambua haya. Desemba 1998 Marekani ilitangaza kanuni kwamba mashine hizi asiziendeshe ila aliyefunzwa na kujaribiwa kwa vitendo, naye apimwe tena angalau kila miaka 3. Naithamini hasa sehemu inayotaka afundishwe habari za mahali penyewe: udongo, miteremko, na njia wapitazo watu, kwani tangu hapo mafunzo ya ghalani peke yake hayakumtosha aliyepelekwa kwenye tope.