Mkanda wa Matatu na Kanuni ya Mwendo

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 2 Februari 2004, barabara ya Waiyaki ilifurika watu waendao kwa miguu, kutoka Kangemi kupita Westlands hata katikati ya jiji la Nairobi. Kwani siku moja kabla yake zilikuwa zimeanza kutumika kanuni za usafiri zilizotangazwa Oktoba 2003 na Waziri wa Uchukuzi na Mawasiliano, marehemu John Michuki, na matatu nyingi, kwa kutokuwa tayari, zililala majumbani. Kanuni hizo, ambazo umma ulizipa jina la waziri mwenyewe, ziliamuru gari lichorwe mstari wa manjano, makanga avae sare ya rangi ya damu ya mzee, abiria wa matatu ndogo wasizidi 14, kidhibiti mwendo kisiruhusu kasi kupita kilomita 80 kwa saa, na kila kiti kiwe na mkanda. Mstari na sare zilihusu adabu ya biashara ambayo, tangu Mzee Jomo Kenyatta alipoziruhusu matatu mwaka 1973 zibebe abiria bila leseni maalumu, ilikuwa imekua pasipo mlezi. Bali kasi na mkanda zilihusu tabia ya maumbile, isiyongoja saini ya waziri yeyote.

Tabia hiyo iliwasumbua wenye hikima kwa karne nyingi. Wafuasi wa mwanafalsafa Aristotle walishika kwamba kitu hakiendi ila kina mwenye kukisukuma daima, na msukumaji akiondoka mwendo hukoma. Katika karne ya 11 Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa aliyefariki Hamadan mwaka 1037, alitoa kauli nyingine: kwamba kitu kilichorushwa hupokea kwa mrushaji wake mwelekeo, alioutia jina la mayl, nao haupungui ila kwa kizuizi cha nje, mfano wa hewa. Baada ya Galileo wa Italia kuyachunguza mambo hayo kwa majaribio, Isaac Newton wa Uingereza aliandika mwaka 1687 kuwa kila kitu hudumu katika utulivu wake, au katika mwendo wake wa kasi moja ulionyooka, mpaka kani ya nje ikilazimishe kubadilika. Hali hiyo ndiyo waalimu wa fizikia waiitayo inesha.

Abiria akaaye kitako ndani ya matatu iteremkayo kuelekea mjini hujidhania ametulia, ilhali mwili wake wenda kasi ile ile ya gari. Dereva akikanyaga breki ghafula, msuguano wa tairi na lami hulizuia gari; lakini abiria hana tairi wala breki, na mwili wake hushika njia yake mpaka ukutane na kitu cha kuuzuia. Hakuna aliyemsukuma mbele, kama wengi wadhanivyo. Alichokosa ni cha kumshika.

Hesabu yake yatisha. Kilomita 80 kwa saa ni mita 22 kwa kila sekunde, nayo ni kasi aipatayo mtu aangukaye kutoka urefu wa mita 25, yaani kiasi cha orofa nane. Na kasi ikipunguzwa nusu, kimo hicho hushuka hadi mita 6 tu, kwa sababu nishati ya mwendo hufuata mraba wa kasi. Mtu wa kilo 60 akisimamishwa kutoka kasi ile ya kilomita 80 ndani ya nusu mita, mwili wake hupata kani iliyo sawa na uzito wa tani 3. Akisimamishwa na chuma ndani ya sentimita 5, kani hiyo hufika tani 30. Kwa sababu hiyo Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo nchini Sweden, alibuni mwaka 1959 mkanda upitao kifuani na kiunoni, ili kani igawanyike juu ya mifupa iliyo imara, na umbali wa kusimama uongezeke.

Walakini jijini Nairobi mkanda ulifundishwa kwa faini. Usimamizi ulipolegea, mikanda mingi ilichakaa vitini, na abiria wakazoea kuifunga wamwonapo askari na kuifungua wakishampita. Hata tarehe 12 Novemba 2018 serikali ikalazimika kuzihuisha kanuni zile zile, na watu wakatembea tena. Sababu ya ulegevu huo si ujinga wa somo, maana kanuni za Newton zilikuwa zikisomeshwa katika kidato cha tatu, na vijana wengi wa Kangemi na Kawangware wamezijibu katika mitihani. Kasoro ni kwamba shule ilizifundisha bila kuitaja matatu, na serikali ikaamuru mkanda bila kumtaja Newton. Na mtu aliyefungwa mkanda kwa hofu ya faini huufungua mara faini ipungukapo, ilhali ajuaye kuwa mwili wake wenda kilomita 80 kwa saa ana sababu ya kuufunga hata barabara ikiwa haina askari hata mmoja.