Ateri: Mshipa wa Damu Wenye Jina la Hewa

Neno ateri, ambalo katika vitabu vya baiolojia hutaja mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni, limetokana na neno la Kigiriki arteria, ambalo kwa waandishi wa kale lilitaja pia bomba la hewa lishukalo kutoka kooni hadi mapafuni. Mnyama akishakufa, damu nyingi hukusanyika katika vena, yaani mishipa irudishayo damu moyoni, huku ateri zikibaki karibu tupu, na kwa hiyo waliopasua mizoga waliamini kwamba mirija hiyo ilibeba hewa. Erasistratus, tabibu wa karne ya 3 KK, alijua fika kwamba ateri ikikatwa hutoka damu, lakini alishikilia kuwa hewa ndiyo hutoroka kwanza, kisha damu huvutwa kutoka katika vena ili kujaza nafasi iliyoachwa. Maelezo yenye werevu mwingi, ingawa si ya kweli. Galen, tabibu wa karne ya 2 BK, alifunga ateri ya mnyama aliye hai mahali pawili, akaikata katikati, akakuta damu tupu.

Bomba la hewa lenyewe Wagiriki walilibainisha kwa kuliita arteria tracheia, yaani arteria yenye kukwaruza, kwa sababu ya pingili zake za gegedu, na baadaye nomino ikadondoka, kikabaki kivumishi peke yake, ambacho ndicho chanzo cha neno trakea.