Fundi wa Miti: Kazi, Zana na Mbinu za Kukwea

Na Mwandishi Wetu

Mwembe uliopandwa na babu hauna thamani ya matunda pekee. Hutoa kivuli uani, huzuia vumbi, na mara nyingi huwa na umri mkubwa kuliko nyumba iliyo kando yake. Hata hivyo, tawi lake moja lililooza likivunjika usiku wa upepo huweza kutoboa paa, kukata waya wa umeme au kumwua mtu. Wenye miti wengi, waonapo tawi la namna hiyo, hufikiria njia mbili tu: kuuacha mti kama ulivyo au kuukata wote. Ipo njia ya tatu, nayo ndiyo kazi ya fundi wa miti.

Fundi wa miti ni mtu anayekwea mti ulio hai ili auondolee matawi mabovu, aupunguzie uzito, au auteremshe kipande kwa kipande endapo hauwezi kuokolewa. Hutofautiana na mvuna mbao, ambaye kazi yake ni kuuangusha mti. Katika nchi za Ulaya na Marekani kazi hii imekuwa taaluma kwa zaidi ya miaka 100. John Davey, Mwingereza aliyehamia Ohio nchini Marekani, alichapisha kitabu chake kiitwacho The Tree Doctor mwaka 1901. Hapa nchini kazi hiyo mara nyingi huangukia mikononi mwa mkwezi wa minazi au kibarua mwenye panga. Ujasiri wao ni mkubwa, lakini maarifa yanayoulinda uhai wao na wa mti yanastahili kufahamika kwa wengi zaidi.

Kazi huanzia chini

Fundi mzoefu hagusi kamba kabla ya kuuzunguka mti. Hutazama shina na mizizi, kwani uyoga unaoota penye kitako cha mti ni dalili ya kuoza ndani. Huligonga shina kwa nyundo ya mbao na kusikiliza: penye mti mzima sauti huwa nzito na fupi, na penye uwazi hulia kama ngoma. Hutafuta nyufa kwenye maungio ya matawi, matawi makavu yaliyonasa juu, mizinga ya nyuki na viota vya majimoto. Mwisho huangalia nyaya za umeme. Tawi bichi hupitisha umeme, hivyo mti uliogusana na waya haukwewi hadi Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) lizime umeme katika eneo hilo.

Baada ya ukaguzi, eneo la chini huzungushiwa utepe. Msaidizi wa chini, ambaye ni jicho na sikio la aliye juu, huhakikisha kwamba hakuna anayepita. Kanuni yao ni moja: aliye chini haingii chini ya mti mpaka aite na aliye juu amjibu. Upepo ukizidi, radi zikianza au magome yakilowa kwa mvua, kazi huahirishwa.

Zana za fundi

Zana ya kwanza ni mkanda wa usalama unaozunguka kiuno na mapaja, ambao humwezesha fundi kukaa hewani kama aliye kitini. Ya pili ni kamba ya kukwea, iliyosukwa kwa nyuzi imara kama za poliesta, yenye unene wa milimita 11 hadi 13 na uwezo wa kuhimili mzigo wa zaidi ya tani 2. Kamba ya katani, ingawa inafaa kwa kufungia mizigo, haifai kubeba uhai wa mtu, kwani unyevu huidhoofisha. Kila asubuhi kamba hupitishwa vidoleni kuanzia mwanzo hadi mwisho. Iliyochubuka, iliyoungua au iliyokatika nyuzi haitumiki tena kukwelea.

Zipo pia kamba fupi ya kiunoni, pete za chuma zenye mlango unaojifunga ziitwazo karabina, kofia ngumu, miwani, vizibo vya masikio na glavu. Kwa kukata, fundi hutumia msumeno wa mkono uliopinda, unaowekwa katika ala, na kwa matawi makubwa hutumia msumeno wa mnyororo, ambao wengi huuita chenso. Chenso hushikwa kwa mikono miwili daima. Anayeitumia huvaa suruali yenye tabaka za nyuzi maalumu ambazo, zikiguswa na mnyororo, huunasa na kuusimamisha kabla haujafika mguuni. Panga halimo katika orodha hii, kwa sababu hupasua kuni na kuacha jeraha lenye nyufa zinazoingiza maji na wadudu.

Namna ya kukwea

Mkwezi wa minazi hupanda shina moja lisilo na matawi, akitumia kitanzi cha kamba miguuni au vidato vilivyochongwa kwenye shina. Fundi wa miti hukabiliana na mti uliotanda, hivyo huanza kwa kurusha. Kifuko kidogo chenye uzito wa gramu 200 hadi 400, kilichofungwa kwenye uzi mwembamba, hurushwa kipite katika panda la tawi hai na nene lililo juu. Uzi huo ndio unaoivuta kamba ya kukwea mpaka mahali pake. Kabla ya kupanda, watu wawili huiningʼinia kamba hiyo wakiwa bado chini, ili tawi likivunjika livunjike mapema.

Kamba ikishapita juu, ncha yake moja hufungwa kwenye mkanda wa fundi, na upande wa pili huunganishwa na mkanda huohuo kwa fundo la msuguano. Fundo hili husogea likisukumwa kwa mkono na hujikaza likibebeshwa uzito. Mojawapo ya mafundo ya aina hii lina jina la Karl Prusik, mpanda milima wa Austria aliyelieleza mwaka 1931. Kwa mpangilio huu fundi huvuta mita 2 za kamba ili apande mita 1, lakini kila mvuto humgharimu takriban nusu ya uzito wake tu. Akiachia mikono, fundo humshika palepale.

Akifika penye kazi, hujifunga pia kwa kamba fupi ya kiunoni. Hakuna kukata kwa chenso ukiwa na kiungo kimoja tu, kwa kuwa mnyororo unaokata tawi waweza kukata kamba. Miiba ya chuma inayofungwa miguuni hutumiwa kwenye mti unaoondolewa pekee. Kwenye mti unaotunzwa kila hatua ya miiba hiyo ni tundu jipya katika gome.

Mkato ndio ufundi wenyewe

Binadamu akijikata, mwili hutengeneza nyama mpya mahali pa ile iliyoharibika. Mti hauna uwezo huo. Mtafiti Alex Shigo wa Idara ya Misitu ya Marekani, aliyepasua maelfu ya miti kwa urefu ili kuchunguza ndani yake, alionesha kwamba mti hulizungushia jeraha kuta za ndani na kuendelea kukua nje yake. Kila mkato, kwa hiyo, hubaki ndani ya mti maisha yake yote.

Ndiyo maana mahali pa kukata ni muhimu. Tawi linapoungana na shina huwa na uvimbe mdogo unaofanana na ukosi wa shati, na humo ndimo ulinzi wa mti ulimo. Mkato hupita nje kidogo ya ukosi huo. Ukikatwa bapa na shina, ulinzi huondolewa. Ukiacha kisiki kirefu, kisiki huoza na kuupeleka uozo ndani. Tawi zito hukatwa kwa hatua tatu: wa kwanza kutoka chini, takriban sentimita 30 kutoka shinani, wa pili kutoka juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, ili tawi lianguke bila kuchuna gome, na wa tatu kukiondoa kisiki penye ukosi. Palipo na paa au ukuta chini, tawi hufungwa kwanza na kuteremshwa polepole kwa kamba ya pili iliyozungushwa shinani.

Kosa la kawaida ni kuukata mti kichwa chote. Mti hujibu kwa kutoa machipukizi mengi yaliyoshikamana kwa udhaifu, nayo huja kuvunjika yakishakuwa mazito. Kwa kawaida haifai kuondoa zaidi ya robo ya majani hai kwa msimu mmoja.

Kabla ya kumwita fundi

Mwananchi mwenye mti mkubwa anashauriwa kuukagua kabla ya mvua za masika, si baada ya tawi kuanguka. Kimbunga Hidaya kilichofika katika pwani ya Tanzania mwezi Mei 2024 kilikumbusha kwamba upepo mkali hautoi muda wa maandalizi. Amwulize afisa misitu au afisa mazingira wa halmashauri yake kama kibali kinahitajika.

Fundi atakayekuja aulizwe mambo matatu: atajifunga kwa nini, atakata wapi, na nani atamshusha akiumia. Swali la tatu ndilo zito zaidi, kwani mtu aliyezimia akiningʼinia kwenye mkanda huweza kufa kabla msaada haujafika. Lazima pawepo kamba ya pili na mtu wa pili anayejua kukwea. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114, lakini uokoaji wa kwanza hutoka kwa mwenzake aliye chini ya mti huohuo.

Ikiwa hana majibu ya maswali hayo, ni heri mti usubiri.