Deni la reli na zile kumi zilizobaki

Likizo hii nilishuka Makambako kusubiri basi la Njombe, nikaiona reli ya TAZARA, nikaanza kupiga hesabu. Ilijengwa 1970 hadi 1975 kwa mkopo wa China usio na riba: yuan 988,000,000, wa kulipwa miaka 30. Kwa 2 inagawanyika freshi: Tanzania 494,000,000, Zambia hivyohivyo. Sasa jumlisha tarakimu: 9+8+8=25. 25 haigawanyiki kwa 3, kwa hiyo namba nzima nayo haigawanyiki kwa 3, wala kwa 30. Kila mwaka 32,933,333, halafu zinabaki 10. Nilipofika nyumbani nikamsimulia babu. Akacheka: “Mjukuu wangu, hata hizo kumi ni deni.” Nikanyamaza. Si nami nasoma kwa mkopo! Tuonane chuo, jamani.