Arki ya Bruxelles: mulango wa ushindi uliojengwa na feza ya Kongo

Kama uko na ndugu ku Bruxelles, bila shaka ameshakutumia ile picha: amesimama na koti ya baridi, nyuma yake milango mitatu mikubwa ya mawe, na juu kabisa gari la farasi wanne, na mwanamke anainua bendera. Ukitazama haraka unaweza kudhani ni kanisa ao nyumba ya mufalme. Hapana. Ni arki ya ushindi, wenyewe wanaiita Arc du Cinquantenaire. Na sisi watu wa Kisangani tuko na sababu zaidi ya moja ya kuijua.

Desturi hii ni ya Waroma wa zamani. Jemadari akishinda vita kubwa, alipita mu muji na askari wake. Mbele yake walitembeza mali waliyonyanganya na wafungwa wenye minyororo. Sherehe ilikuwa inaisha jioni, lakini arki ya mawe ilibaki. Ile ya kaisari Titus, iliyojengwa karibu na mwaka 81, ingali inasimama Roma. Ukipita ndani yake unaona askari waliochongwa mu mawe wanabeba kinara cha matawi saba cha hekalu la Yerusalemu, muji ulioanguka mwaka 70. Simon bar Giora, mmoja wa wakubwa wa Wayahudi, alitembezwa katika sherehe ile, kisha wakamuua. Hilo halikuchongwa.

Kuna nyingine karibu pale, ya mwaka 203, ya kaisari Septimius Severus. Huyu alizaliwa Afrika, Leptis Magna, inchi ambayo leo tunaita Libya. Juu ya arki yake waliandika majina ya watoto wake wawili. Baba alipokufa, mukubwa Caracalla akamuua mudogo wake Geta, na jina la Geta likafutwa mu jiwe, maneno mengine yakaandikwa pahali pake. Kumbe hata mawe yanaweza kusahaulishwa. Tutarudi kwa jambo hilo.

Mwaka 1880 Ubelgiji ilifikisha miaka 50 ya uhuru, na Léopold wa Pili alitaka arki yake. Siku ya sherehe haikuwa tayari, wakasimamisha mbao na plasta. Miaka ikapita, serikali ya kule haikutaka kulipa. Lakini mufalme alikuwa na mfuko mwingine: Kongo, ambayo wakati ule haikuwa koloni ya Ubelgiji. Ilikuwa mali yake mwenyewe, na watu walilazimishwa kuleta kauchu na pembe za tembo. Kijiji kikikosa, askari walikuja na bunduki. Feza ya Kongo njo ilimaliza arki. Juu ya kuficha, matajiri rafiki zake walitoa majina yao sawa vile wao njo wametoa zawadi. Fundi Mufaransa Charles Girault akamaliza kazi, na arki ikafunguliwa mwaka 1905. Hata Wabelgiji wenyewe hawakukubali wote: mubunge Émile Vandervelde alisema watu wataiita siku moja arki ya mikono iliyokatwa.

Pembeni, mu bustani ile ile, kuna sanamu ya mawe ya kusifu Wabelgiji waliokuja Kongo, kazi ya Thomas Vinçotte, iliyofunguliwa mwaka 1921. Maandishi yake yanasifu jeshi la Ubelgiji kwa kushinda Mwarabu mwenye kuuza watumwa. Pale habari inafika moja kwa moja hapa kwetu. Vita ile ya 1892 mpaka 1894 ilipiganwa mashariki, na Stanley Falls, njo Kisangani ya leo, ilikuwa ndani yake. Na wale "Waarabu" wengi wao walikuwa watu wa pwani na Wamanyema, wenye kusema Kiswahili. Mukubwa wao aliyejulikana zaidi, Tippu Tip, aliwekwa mwaka 1887 kuwa gavana wa Falls na nani? Na Léopold huyo huyo! Hilo sanamu haisemi. Neno "Mwarabu" limeshafutwa mu jiwe, likaandikwa tena, na ubishi haujaisha. Sawa na Geta.

Kwa Simi-Simi kuna uzi mwingine. Ndani ya majumba yaliyoungana na arki kuna makumbusho ya jeshi la Ubelgiji. Ni jeshi lile ambalo paras wake waliruka alfajiri ya 24 Novemba 1964 juu ya kiwanja chetu cha ndege, kutoka C-130 za Wamarekani, kuokoa wazungu walioshikwa na Simba. Mateka wengi waliokolewa, wengine waliuawa. Wakongomani waliokufa mu muji siku zile na zilizofuata ni wengi zaidi kupita wazungu, lakini dunia iliandika sana juu ya wazungu.

Kwa mutu anayepata nafasi ya kufika: shuka metro ku Mérode, arki utaiona mara moja. Kupanda juu, unapitia ndani ya makumbusho ya jeshi. Ukiwa pale juu, tazama mashariki, barabara ndefu inayoenda Tervuren. Ilitengenezwa kwa maonyesho makubwa ya 1897, wakati Léopold aliposafirisha Wakongomani 267 akawaweka Tervuren mu vijiji vya kuigiza, watu waje kuwatazama. Ni ile desturi ya Roma, bila minyororo. Baridi na magonjwa viliua saba. Makaburi yao yako kando ya kanisa la Tervuren, na majina yanasomeka: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange.