Kuitambua Pombe kwa Macho: Dalili Kutoka Eastlands

Pombe ya nafaka, iwe imepikwa na mama pima, muuzaji wa pombe ya kienyeji, wa Mathare jijini Nairobi au na kiwanda cha bia cha Ruaraka, hupita njia moja. Wanga hugeuzwa sukari, chachu huila sukari hiyo na kutoa kilevi, kisha pombe huchujwa au huachwa ilivyo. Kila hatua huacha alama. Anayezijua alama hizo, akionyeshwa picha, anaweza kutaja jina la pombe na pia namna ilivyotengenezwa.

Busaa ndiyo inayoanika kazi yake yote. Unga wa mahindi hukandwa kwa maji na donge huachwa siku kadhaa lichachuke. Kisha hukaangwa juu ya bati pana lililotandazwa motoni, likigeuzwageuzwa mpaka liwe chenga za kahawia. Ukiona bati la namna hiyo pichani, moshi na chenga zikianikwa pembeni, huna haja ya kuuliza zaidi. Chenga hutiwa ndani ya pipa la maji pamoja na kimea cha wimbi: wimbi lililolowekwa, likaota, likakaushwa na kusagwa. Mahindi yaliyokaangwa hayawezi kujigeuza sukari. Vimeng'enya vya kukata wanga vinatoka kwenye kimea. Siku chache baadaye pombe hukamuliwa kwa gunia au kitambaa.

Kinachotoka ni kizito, hakipitishi mwanga, na kina uchachu wa uji uliolala. Viputo huendelea kupanda kwa sababu chachu bado iko kazini, na ndiyo maana busaa haiwekeki. Kwa kawaida hupimwa kwa kasuku, mkebe wa mafuta ya kupikia. Chungu kikiwa katikati na wazee wamekizunguka na mirija mirefu, hiyo ni busaa ya magharibi mwa Kenya au ya sherehe. Mrija wa aina hiyo una kichujio nchani, kwa hiyo pombe iliyomo chunguni haikukamuliwa kwanza.

Rangi huwapoteza wengi. Guinness ni nyeusi, na mtu hudhani weusi ni ukali. Weusi huo unatokana na shayiri iliyochomwa hadi kukaribia kuungua, jambo lilelile linaloipa busaa ukahawia wake juu ya bati. Kiasi cha kilevi hutegemea sukari iliyochachushwa, na hicho jicho haliwezi kukipima. Rangi haisemi lolote kuhusu chachu pia: laga huchachushwa kwa baridi na polepole, stauti kwa joto zaidi, lakini zote mbili zinaweza kuwa nyepesi au nzito machoni.

Laga ya chupa ina dalili nyingine: uangavu wa dhahabu kwa kuwa imechujwa, na povu linalokaa, ambalo hutokana na protini za shayiri na uchungu wa hopsi. Mara nyingi chupa ni ya kahawia kwa sababu mwanga huiharibu hopsi na kuleta harufu mbaya. Ndovu kwenye lebo ya Tusker ana historia yake: Kenya Breweries, inayoitengeneza, ilianzishwa mwaka 1922, na George Hurst, mmoja wa waanzilishi, aliuawa na ndovu mwaka uliofuata.

Historia yenyewe ni dalili. Mamlaka ya mji wa Nairobi iliendesha ukumbi wa pombe Pumwani tangu miaka ya 1920, ikijitengea haki ya kuwauzia Waafrika pombe za kienyeji. Bia ya chupa ya Kizungu walikatazwa na sheria hadi 1947. Picha inayodaiwa kuwa ya 1935, ikimwonyesha Mwafrika wa Pumwani akinywa Tusker hadharani kwa raha, inafaa kutiliwa shaka.

Pipa la chuma lenye mfereji, katika baa ya Kayole au Dandora, ni la keg. Senator, bia ya keg, iliingia sokoni mwaka 2004, ikapata nafuu ya ushuru ili iwavute wanywaji wa pombe haramu, na mtama wa wakulima wa Kenya ukawa malighafi yake kuu. Ladha ya mtama ni nyepesi, na jicho peke yake haliutofautishi na shayiri. Pipa ndilo linalousema.

Muratina, pombe ya asali au miwa, ni rahisi kuitambua: tafuta tunda la mwegea, refu na lenye nyuzi, lililokaushwa. Nyuzi hizo hubeba chachu kutoka pipa moja la asali au la maji ya miwa hadi jingine.

Chang'aa ndiyo inayolishinda jicho. Kangara, mchanganyiko wa nafaka na sukari uliochacha, hupikwa, mvuke ukapozwa, na kinachodondoka ni cheupe kama maji. Methanoli, kilevi chenye sumu, nayo haina rangi. Novemba 2000, katika Mukuru na mitaa ya jirani, pombe iliyotiwa methanoli iliua zaidi ya watu 100. Sheria ya mwaka 2010 iliifuta marufuku ya chang'aa ya 1980, ikadai leseni na vifungashio vyenye lebo. Kwa hiyo pale pombe isiyo na rangi inapoonekana ndani ya chupa ya soda iliyotumika tena, bila lebo, chupa yenyewe inatosha kueleza kwamba haikupita mikononi mwa mkaguzi yeyote.