Ushirika

Siku hizi, ambapo neno ujasiriamali, lililounganishwa jasiri na mali, limeenea katika kila semina ya maendeleo ya vijijini, na aghalabu huongezewa “wa kijamii” ili kulipunguzia harufu ya ubinafsi, si vibaya kulikumbuka neno lililolitangulia, nalo ni ushirika, lenye asili ya Kiarabu, nduguye shirika na, ajabu ya lugha, nduguye ushirikina pia, kwani kumshirikisha Mola na kushirikiana na jirani ni mambo yaliyochipuka katika mzizi mmoja.

Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro hawakungoja istilahi mpya: mwaka 1925 waliunda chama chao, na mwaka 1933 mahali pake pakasimama KNCU, muungano wa vyama vya msingi, ambamo mwenye kihamba kidogo, ambaye peke yake hangekuwa na kauli mbele ya mnunuzi, aliichanganya kahawa yake na ya wenziwe, wakaiuza kwa pamoja. Serikali ya Tanzania ilivivunja vyama vikuu vya ushirika kama huo mwaka 1976. Sheria ya 1982 ikavirejesha.

Wako wanaoliona neno ushirika limechakaa, nami sikubaliani nao. Wala tusilichanganye na ubia: katika ubia, fungu la faida aghalabu hufuata ukubwa wa mtaji, na kauli vivyo hivyo, lakini katika ushirika, mwenye magunia mia na mwenye debe moja, wote wawili, hupiga kura moja moja.